Mpiga picha naye aingie pichani

Albamu za kwetu zimejaa harusi, maulidi na Idi za miaka mingi, lakini ami yangu hayumo. Yeye ndiye aliyekuwa akishika kamera. Juzi amenikabidhi kamera yenyewe, ya chuma, isiyojua betri, nami nikaazimia kuwa picha za kwanza atakuwamo, na mimi nimo.

Kamera kama hii hufyatuka kwa kubonyezwa tu. Itabidi kidole kifikishwe mbali. Ukitazama juu ya kitufe, nyingi za zamani zina tundu dogo lenye hesi ndani. Hapo hufungwa waya maalumu, uliotengenezwa kama wa breki ya baiskeli. Ukisukuma upande huu, pini hutokeza upande wa pili na kufyatua. Lakini waya huo aghalabu ni mfupi. Kazi yake ni kuzuia kamera isitikisike, si kukufikisha mkekani walikoketi watu.

Dawa yake ni hewa. Kuna kibofu cha mpira kama kile cha kupimia presha, bomba jembamba la mita 6 hivi, na mwishoni kijipistoni chenye pini. Ukiminya, hewa husukuma pistoni, nayo pini hubonyeza. Kwa kuwa hewa hubanika kwanza, picha huchelewa kidogo, basi minya kwa mkupuo mmoja hadi mwisho. Bomba likivuja hata kidogo, umepoteza wakati.

Nilijaribu kabla ya kutia filamu: nikafungua mgongo wa kamera, mtu akaminya, nikaona mwanga ukipenya. Kisha nikaiweka kwenye stendi, nikalenga kiti cha bibi, nikapitisha bomba chini ya mkeka, kibofu nikakikanyaga kwa kisigino ili mikono iwe huru.

Kamera nyingine zina saa ya kuhesabu sekunde 10 hivi. Mimi siipendi. Watu hukodoa macho wakisubiri, na saa kuukuu hukwama.

Ila bomba halivuti filamu. Kila baada ya picha lazima mtu ainuke avute wenzo. Nilipotaka kusimama, ami akanizuia: "Kaa, mwanangu, nitavuta mimi."

Tulipiga picha nane. Katika tatu, ami ameshaanza kuinuka, mkono umeelekea kamera. Hizo tatu nimeagiza zisafishwe kwa ukubwa.