Hukumu Mbili juu ya Mji wa Kirkwall

Tarehe 8 Machi 2011 kampuni ya BioWare, yenye makao yake katika mji wa Edmonton nchini Kanada, iliwatolea wanunuzi wa Amerika ya Kaskazini mchezo wa kompyuta uitwao Dragon Age II, na kabla juma halijatimia ikadhihirika kwamba watu wenye kazi ya kuuhakiki na watu waliotoa fedha zao kuununua hawakuwa wameona kitu kimoja. Katika tovuti ya Metacritic, ambayo hukusanya alama za wahakiki na kuzifanyia wastani, na kando yake ikaandika alama za wachezaji wenyewe, wahakiki waliipa nakala ya kompyuta 82 katika 100, na jarida la PC Gamer likaipandisha hata 94. Lakini wastani wa wachezaji ukaanguka chini ya 5 katika 10, na wengi wao wakaandika sifuri. Tofauti kubwa kiasi hicho haielezwi kwa kusema tu kwamba upande mmoja una maarifa na wa pili hauna, wala kwa ile tuhuma iliyozagaa wakati ule kwamba wahakiki walihongwa. Sababu yake imo katika jambo lenyewe la kuendeleza hadithi ambayo msikilizaji wake ameshiriki kuitunga, nami naona yafaa kuichambua kwa utulivu, maana kila mwaka mchezo mwingine wa aina hiyo hufikishwa mbele ya mahakama hizo hizo mbili.

Msomaji asiyeijua michezo hii asidhani kuwa ni ya kufukuzana na kupigana risasi peke yake. Aina hii, ambayo vijana huitaja kwa herufi tatu za RPG, humtia mchezaji ndani ya nafsi ya mtu wa hadithi, akamchagulia jina, sura, kazi na silaha, akamwongoza katika nchi isiyo katika ramani yoyote ya dunia; na kila akutanapo na mtu wa kusema naye huwekewa majibu kadhaa, ya upole, ya ukali au ya mzaha, na jibu alichagualo huweza kuugeuza mwendo wa mambo. Wasomaji wa Kiswahili si wageni wa nchi za namna hiyo, kwa kuwa Shaaban Robert alituwekea Kusadikika angani tangu mwaka 1951, nasi tukaisadiki. Nchi ya Dragon Age huitwa Thedas, nayo ina wafalme, mbilikimo wenye miji chini ya ardhi, viumbe wenye masikio marefu waitwao Elf, dini yenye jeshi lake, na watu waliozaliwa na nguvu za uchawi ambao dini hiyo huwafungia minarani kwa hofu kwamba watapagawa na mashetani.

Mchezo wa kwanza, Dragon Age: Origins, ulitoka Novemba 2009, miaka mitano baada ya kutangazwa hadharani, na nakala yake ya kompyuta ikapata kwa wahakiki 91. Sifa yake kubwa ilikuwa ukarimu wa mianzo yake: mchezaji aliweza kuzaliwa kwa namna sita, awe mwana wa kabaila, mbilikimo wa jamaa ya mfalme au mbilikimo asiye na tabaka, Elf wa mtaa wa unyonge au Elf wa mwituni, au mwanafunzi wa uchawi aliyelelewa mnarani, na kila mwanzo ulikuwa na kisa chake, aibu yake na kisasi chake, kabla ya njia zote kukutana katika vita vya kuiokoa nchi ya Ferelden na majeshi ya viumbe wa giza. Aliyeumaliza alibaki na faili katika kompyuta yake, na ndani ya faili hilo yalihifadhiwa maamuzi yake: nani alimkalisha katika kiti cha enzi, nani alimsamehe, nani alimwacha afe. Faili hilo aliweza kulipeleka katika mchezo wa pili, nao ukayapokea yaliyomo kuwa ndiyo tarikhi ya nchi.

Hapa ndipo ilipo asili ya ugomvi. Msomaji wa riwaya akifunga kitabu, hadithi ni ya mwandishi. Mchezaji wa Origins akizima kompyuta, nusu ya hadithi ni mali yake, na anapoambiwa kwamba mwendelezo waja hukaa kama mrithi angojaye wasia usomwe. Kabla hajauliza kama mchezo mpya ni mzuri, hutazama kama haki yake imo. Mhakiki, hata awe ameupenda mchezo wa kwanza kwa moyo wake wote, kazi humlazimu aweke dai hilo kando na kuhukumu kilicho mbele yake; na mara nyingi hukipokea kabla ya siku ya kutoka, akakicheza saa nyingi mfululizo, peke yake, huku siku ya kuchapisha ikimkimbiza. Mtu aliyecheza michezo mingi ifananayo hushukuru akiona jambo jipya. Mtu aliyengoja kimoja tu, na kukinunua kwa fedha aliyoidunduliza, jambo jipya aweza kuliona kuwa ni kudhulumiwa.

Na mambo mapya yalikuwa mengi. Mianzo sita iliondolewa ukabaki mmoja: mchezaji alipewa Hawke, mwanadamu, awe mwanamume au mwanamke, mwenye jina la ukoo lililokwisha kuamuliwa na sauti ya mwigizaji iliyonena kwa niaba yake, ilhali katika mchezo wa kwanza mhusika mkuu alikuwa kimya na maneno yake yakasemwa na mchezaji moyoni. Safari ya kuzunguka nchi nzima ikabadilishwa kuwa makazi katika mji mmoja wa bandari, Kirkwall, mji wa mawe uliojengwa na watumwa, na humo Hawke akakaa muda wa karibu miaka saba. Hapakuwa na adui mkuu mmoja wa kumwendea tangu mwanzo hadi mwisho. Palikuwa na familia ya wakimbizi iliyotafuta fedha, jamii za wageni zilizochukiwa, na uhasama uliokua polepole baina ya wachawi na askari wa dini mpaka ukautia mji moto.

Kisa chote husimuliwa na Varric, mbilikimo mfanyabiashara mwenye ulimi mtamu, aliyetiwa nguvuni na Cassandra, mwanamke mpelelezi wa ile dini, atakaye kujua ukweli wa Hawke. Mchezo uanzapo, Hawke huwapukutisha maadui kwa urahisi wa ajabu, mpaka Cassandra humkatiza Varric na kumtaka aache chumvi aseme yaliyotukia. Ndipo mambo huanza upya, na shujaa yule aonekana sasa kuwa mkimbizi aliyechoka, ambaye akichaguliwa kuwa mchawi humpoteza mdogo wake Bethany mikononi mwa zimwi, na akichaguliwa kuwa mtu wa upanga au jambia humpoteza Carver, pacha wa Bethany. Sisi tuliolelewa na Alfu Lela Ulela twajua jinsi msimulizi aliyefungwa anavyoweza kuwa fundi kuliko aliye huru. Wahakiki waliona ufundi huo wakausifu. Wachezaji wengi hawakuwa na nafasi ya kuuona, kwa kuwa macho yao yalikuwa yakitafuta yale yaliyoondolewa.

Nitaje mahali pamoja ambapo pande hizo mbili hutengana waziwazi. Katika sehemu ya pili ya mchezo, mama yake Hawke, Leandra, baada ya miaka ya dhiki na kufiwa, ameanza tena kuvaa vizuri na kutembelewa, na siku moja nyumbani hukutwa maua meupe ya yungiyungi aliyopelekewa. Mchezaji aliyekuwa makini hushtuka, kwani miaka iliyotangulia alikwisha kupeleleza habari za wanawake wa Kirkwall waliopotea baada ya kupokea maua kama hayo. Hukimbia, hufuata matone ya damu mitaani usiku, hushuka katika handaki la muuaji, na hamwoni mama yake ila katika hali isiyoponyeka. Nao hupewa muda mfupi tu wa kuagana. Hakuna jibu alilolichagua, hakuna mtu aliyemwacha hai au kumwua hapo kabla, hakuna mwendo wa kasi au wa polepole ambao ungalimwokoa. Wapo waliokasirika, wakasema kwamba mchezo wenye kuahidi hiari kisha ukamnyima mchezaji hiari ya kumwokoa mama yake ni mchezo mwongo. Mimi nasimama na waliousifu. Mwanadamu hana hiari katika kila jambo, na mchezo uliothubutu kumwonyesha mchezaji mpaka wa uwezo wake ulimheshimu, kwa sababu ulimwacha aomboleze kama mtu mzima.

Lakini insafu yanitaka niseme kwamba malalamiko mengine ya wachezaji yalikuwa ya haki kabisa, na wahakiki waliyapita kwa upole usiostahili. Mapango ndiyo mfano ulio wazi. Hawke hutumwa pango la pwani, kisha pango la mlimani, kisha machimbo, na kila aingiapo hulikuta pango lile lile, kona ile ile, ngazi ile ile, ila mlango mmoja umezibwa kwa jiwe na mwingine umefunguliwa. Na jambo lililowaudhi watu kuliko yote ni kwamba ramani ndogo iliyo pembeni mwa kioo iliendelea kuonyesha pango zima, pamoja na vyumba ambavyo mchezo ulidai havipo. Nyumba za matajiri nazo, maghala na vichochoro, vilirudiwa vivyo hivyo. Katika mapigano, mchezaji akiisha kupanga watu wake kwa hadhari, kundi jingine la maadui huanguka kutoka juu mgongoni mwake, na mpango wote hubatilika. Tena ile nafasi ya kuinua jicho na kutazama uwanja kutoka juu, waliyoizoea wachezaji wa kompyuta katika Origins, iliondolewa. Haya hayana tafsiri ya kisanaa. Chanzo chake ni haraka: mchezo mzima ulikamilishwa kwa muda usiofika mwaka mmoja na nusu, na watengenezaji wenyewe baadaye hawakuficha kwamba muda ule uliwabana. Mhakiki afukuzwaye na siku ya kuchapisha huliona pango la tatu akalisamehe. Mchezaji aliyetoka kazini, mwenye saa moja tu ya jioni, halisamehe, wala sioni kwa nini alisamehe.

Baada ya hapo hukumu iligeuka kuwa fujo. Sifuri katika kumi haikuwa kipimo cha kazi ya mtu, ilikuwa kura ya ghadhabu. Na upande wa pili, mfanyakazi mmoja wa BioWare aligunduliwa kuwa ameuandikia mchezo wao sifa tele pamoja na alama kumi, na kampuni mama, Electronic Arts, ikamtetea. Wakati nambari zinapotumiwa kama marungu, mtu atafutaye ushauri wa kweli hana pa kushika. Na nambari hizo si mchezo kwa wafanyakazi: studio ya Obsidian, iliyotengeneza Fallout: New Vegas mwaka 2010, iliahidiwa bahashishi endapo mchezo ungefika 85 katika Metacritic, ukafika 84, wakaikosa. Kuifunga riziki ya mafundi kwa alama moja ya wastani ni dhuluma, nami siwezi kulisema hilo kwa neno laini.

Miaka ilipopita jazba ilipoa, na watu wakaanza kuuzungumza mji wa Kirkwall kwa namna nyingine. Walikumbuka zaidi wenzi wa Hawke, na ule utaratibu ambao mwenzi asiyeafikiana nawe haondoki kwa hasira, bali ushindani wenu huweza kukomaa ukawa uhusiano wenye nguvu kama urafiki. Mchezo wa tatu, Dragon Age: Inquisition, ulipotoka Novemba 2014, ulijibu lawama ya ufinyu kwa kufungua maeneo mapana ya kutembea, ukatunukiwa katika The Game Awards mwaka huo kuwa mchezo bora wa mwaka, na bado wachezaji wakalalamika kwamba maeneo hayo yamejaa kazi ndogo ndogo zisizo na uzito, hata wakawa wanaonyana wasikawie katika bonde la kwanza. Lakini Varric, Cassandra na Hawke wote walirudishwa humo, na mapokezi waliyoyapata yalionyesha kwamba kisa kilichotukanwa hakikuwa kimesahauliwa.

Hukumu yangu ni kwamba wachezaji walisema kweli juu ya kazi ya mikono, na wahakiki wakasema kweli juu ya hadithi, na 82 ilikuwa alama kubwa mno kwa mapango yale na ndogo mno kwa kifo cha Leandra. Anayetaka kulipima jambo hili mwenyewe na aanze na Origins, aumalize, ahifadhi faili la maamuzi yake; kisha apishe miezi kadhaa kabla ya kuufungua wa pili, asizisome alama za mtu yeyote, na asitoe uamuzi wake mpaka sehemu ya pili ya mchezo huo iishe.