Kutoka Vanga hadi Lunga Lunga: Mpaka Uliohamisha Soko

Miji mingi ya biashara katika mwambao wa Afrika Mashariki ilichagua mahali pake kwa sababu ya maji: ghuba iliyokingwa na mawimbi, kisiwa kilicho karibu na bara, au mlango wa mto ambamo jahazi liliweza kuingia maji yakijaa na kutoka yakipwa. Mji wa Lunga Lunga, ulio kusini kabisa mwa Kaunti ya Kwale, kwenye barabara itokayo Likoni na kupitia Ukunda na Msambweni, hauna hata kimoja kati ya hivyo. Kilichoufanya uwe mji ni mstari uliochorwa Ulaya na watu ambao hawakupata kufika hapo, pamoja na desturi ya serikali zote zilizofuata ya kumsimamisha msafiri kwenye mstari huo ili aulizwe ametoka wapi na amebeba nini. Soko la asili la eneo hilo lilikuwa kwingine, upande wa baharini, na habari za kukua kwa Lunga Lunga haziwezi kutenganishwa na habari za kufifia kwa Vanga.

Wavumba, yaani Waswahili wa kusini mwa pwani ya Kenya wanaozungumza lahaja ya Kivumba, huanza historia yao na Vumba Kuu, mji wa kale uliokuwa karibu na mpaka wa leo na ambao watawala wake waliitwa madiwani. Masimulizi ya mji huo yalikusanywa na ofisa wa Kiingereza, A. C. Hollis, na kuchapishwa mwaka 1900. Vumba Kuu ilipopungua nguvu, watu wake walihamia Wasini na Vanga, wakawa majirani na washirika wa Wadigo na Wasegeju, na biashara ikaendelea kwa mtindo ule ule: nafaka, sandarusi, boriti za mikoko na pembe za ndovu zilishuka kutoka bara hadi majahazini, nazo nguo, shanga na nyaya za shaba zikapanda kuelekea bara. Watumwa nao walikuwa miongoni mwa bidhaa, na mapango ya Shimoni yanakumbukwa hadi leo kwa habari hiyo.

Vanga haikuwa kijiji cha wavuvi tu. Ilikuwa mwanzo wa njia ya misafara, yaani makundi ya wapagazi na wafanyabiashara waliotembea pamoja kwa usalama, iliyofuata bonde la mto Umba hadi Taveta na nchi za Kilimanjaro, na kutoka huko kuingia Umasaini. Ujuzi wa njia hizo ulikuwa mali ya watu wa pwani ya kusini kiasi kwamba mmisionari Thomas Wakefield, alipotaka kuwaeleza wanajiografia wa London namna bara la Afrika Mashariki lilivyo, alitegemea maelezo ya kiongozi wa misafara aliyeitwa Sadi bin Ahedi, mzaliwa wa sehemu za Gazi katika nchi ya Wadigo. Maelezo yake, yaliyotaja vituo, visima na siku za mwendo, yalichapishwa mwaka 1870, na inasikitisha kwamba jina lake halisikiki sana katika shule za Msambweni ilhali majina ya Wazungu waliopita njia alizozitaja yanakaririwa na kila mwanafunzi.

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilikubaliana kugawana maeneo ya ushawishi, istilahi ya kidiplomasia iliyomaanisha sehemu ambazo kila dola iliahidi kutomwingilia mwenzake. Mstari ulianzia sehemu za mlango wa mto Umba, ukaenda karibu moja kwa moja hadi ziwa Jipe, ukauzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, kisha ukanyooka tena hadi ziwa Viktoria. Wapo wanaosimulia kwamba Malkia Viktoria alimzawadia mjukuu wake Wilhelm mlima huo siku ya kuzaliwa kwake; ni hadithi tamu isiyo na ukweli, kwa kuwa Wilhelm alitawazwa kuwa Kaisari wa Ujerumani mwaka 1888, miaka miwili baada ya makubaliano. Kilichopimwa hasa ni bandari: Mombasa ibaki upande mmoja, Tanga upande wa pili. Sultani wa Zanzibar aliachiwa ukanda wa pwani wa maili kumi, lakini mwaka 1890 Wajerumani waliununua moja kwa moja ukanda wa upande wao kwa mark milioni 4, na mwaka 1893 makubaliano mengine yakauweka mwanzo wa mpaka Ras Jimbo, kusini kidogo mwa Vanga. Kwa hiyo Vanga ilibaki chini ya bendera ya Sultani na ulinzi wa Waingereza, huku Jasini, ambayo ni jirani yake wa karibu, ikawa nchi nyingine.

Mtu wa kwanza kuonyesha waziwazi faida ya mstari huo kwa anayeukimbia alikuwa Mbaruk bin Rashid, kiongozi wa Wamazrui wa Gazi, ukoo uliotawala Mombasa hadi Sultani Seyyid Said alipouondoa mwaka 1837. Vita vilivyoanza Takaungu mwaka 1895 kuhusu urithi wa uongozi vilienea hadi Gazi, Waingereza wakaleta askari kutoka India, na Aprili 1896 Mbaruk akavuka pamoja na mamia ya wafuasi wake na kujisalimisha kwa Wajerumani, waliompa makazi Dar es Salaam. Miaka 10 tu baada ya kuchorwa, mstari ambao wenyeji hawakuulizwa ulikuwa tayari umekuwa chombo mikononi mwao.

Pigo kubwa kwa Vanga, hata hivyo, halikutoka kwa askari bali kwa reli. Wajerumani walianza kujenga reli ya Tanga mwaka 1893 na hatimaye wakaifikisha Moshi. Waingereza walianza ya Mombasa mwaka 1896 na kuifikisha ziwa Viktoria mwaka 1901. Reli hizo mbili ziliipita njia ya Umba kulia na kushoto, na mzigo wa Kilimanjaro uliokuwa ukibebwa kichwani hadi Vanga ukapata gari la moshi la kuuteremsha Tanga. Kisha ikaja Vita Kuu ya Kwanza. Januari 1915, majeshi ya Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck yaliizingira ngome ndogo ya Waingereza huko Jasini hadi askari wake, wengi wao Wahindi, wakaishiwa na risasi na maji na kusalimu amri, na baada ya hapo Waingereza wakaliacha bonde la Umba kwa muda. Katika vita hivyo mpaka uligeuka uwanja wa mapigano kwa watu waliokuwa na ndugu pande zote mbili.

Baada ya Ujerumani kushindwa, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza na mpaka ukawa mwembamba kwa namna ambayo kizazi cha leo hakikupata kuiona. Kenya na Uganda zilikuwa zimeunganisha forodha zao mwaka 1917, na Tanganyika ikajiunga nazo kikamilifu mwaka 1927. Umoja wa forodha ni mpango ambao nchi wanachama hutoza ushuru wa aina moja kwa bidhaa zinazotoka nje na kuacha kutozana zenyewe kwa zenyewe. Shilingi moja ilitumika kote, na huduma kama posta na reli zikaja kusimamiwa kwa pamoja. Mpaka wa namna hiyo hauzai mji. Kilichowavuta watu kusini mwa Kwale wakati huo kilikuwa kazi, hasa katika kiwanda cha sukari cha Ramisi na mashamba yake ya miwa, ambako Wamakonde kutoka Msumbiji walikuwa miongoni mwa vibarua waliolowea.

Hali hiyo iliendelea baada ya uhuru, ingawa nyufa zilianza kuonekana mapema: mwaka 1966 kila nchi ilianza kutoa sarafu yake, na mwaka 1967, mwaka ule ule ulioleta Jumuiya ya Afrika Mashariki, Tanzania ilitangaza Azimio la Arusha na kufuata njia ya uchumi iliyotofautiana na ya Kenya. Februari 1977, katikati ya mzozo wa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na Jumuiya ikavunjika. Kwa zaidi ya miaka 6 njia halali ilikuwa imezibwa, na kilichostawi ni magendo, yaani uingizaji na utoaji wa bidhaa kwa siri ili kukwepa ushuru au katazo. Uhaba wa bidhaa kama sabuni, sukari na mafuta ya kupikia upande wa Tanzania ulifanya bei zake ziwe kishawishi kikubwa, hata mwaka 1983 serikali ya Tanzania ilipoanzisha msako wa walioitwa wahujumu uchumi.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, lakini haukurudi kuwa mwembamba. Palikuwa na sarafu mbili, forodha mbili, uhamiaji wa aina mbili na viwango viwili vya ubora, na kila kimoja kilidai dirisha lake, mhuri wake na foleni yake. Hapo ndipo mji wa mpakani hupata riziki. Dereva anayesubiri karatasi anahitaji chakula, chumba na fundi wa magurudumu. Mzigo unaosubiri unahitaji mlinzi na mpagazi. Asiyejua kujaza fomu anahitaji wakala wa forodha, yaani mtu aliyeidhinishwa kushughulikia stakabadhi kwa niaba ya mwenye mali. Na kila anayevuka anahitaji mtu wa kumbadilishia fedha, kwa kuwa nchi zote mbili huita fedha yake shilingi ilhali thamani ni mbali na mbali, jambo ambalo Watanzania wenyewe hulifanyia mzaha kwa kuiita yao fedha ya madafu. Lunga Lunga kwa upande wa Kenya, na Horohoro kwa upande wa Mkoa wa Tanga, ni miji iliyokua kutokana na kusubiri, kama ilivyo Namanga, na kama ilivyo Busia kwenye mpaka wa Kenya na Uganda.

Jumuiya mpya, ambayo mkataba wake ulitiwa saini Arusha mwaka 1999, ilileta umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010. Lililogusa Lunga Lunga moja kwa moja zaidi ni lami. Barabara ya kilomita 65 kati ya Tanga na Horohoro, iliyojengwa kwa msaada wa Marekani, ilikamilishwa katika mwongo uliopita, na safari iliyokuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika ikawa ya muda mfupi. Machungwa ya Muheza yalipata njia nyepesi ya kufika masoko ya Mombasa, na bidhaa za viwandani zikashuka kusini.

Ndipo kikaja kituo cha huduma kwa pamoja, mfumo ambao sheria yake ya Jumuiya ni ya mwaka 2016. Utaratibu wake ni kwamba maofisa wa nchi zote mbili hukaa katika jengo moja upande wa nchi inayoingiwa, hivyo anayetoka Kenya hapiti madirisha ya Lunga Lunga bali huenda moja kwa moja Horohoro, anagongewa mhuri wa kutoka na wa kuingia mahali pamoja, naye anayetoka Tanzania hufanyiwa hivyo Lunga Lunga. Kwa mchuuzi mdogo kuna utaratibu rahisi wa biashara: mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa wa bidhaa zilizoorodheshwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, hupita kwa cheti chepesi cha uasili kinachotolewa hapo hapo mpakani. Ni mpango mzuri, ijapokuwa mchuuzi asiyeufahamu bado huona njia za panya, kama zinavyoitwa njia zisizo rasmi zinazopita mashambani na vichakani, kuwa fupi kuliko karatasi.

Hata hivyo, wapangaji wa vituo hivyo hawajashughulika vya kutosha na swali moja: mji uliokula kwa muda mrefu kutokana na foleni utakula nini foleni ikiisha? Kila saa inayookolewa kwenye geti ni faida kwa mwenye lori na kwa mlaji anayenunua soko la Kongowea, Mombasa, na ni chumba kimoja cha wageni kisicholala mtu Lunga Lunga. Katiba ya 2010 iliipa Kwale serikali yake ya kaunti, na eneobunge la Lungalunga lilimegwa kutoka Msambweni kabla ya uchaguzi wa 2013, hivyo mji una sauti ambayo haukuwa nayo; lakini maamuzi yanayougusa zaidi bado hutolewa Nairobi na Dodoma. Mei 2020 Kenya ilifunga mpaka huo kwa wasafiri kwa sababu ya korona na kuacha malori tu yapite. Machi 2021 ilizuia kwa siku chache mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu wa nafaka. Julai 2025 Tanzania iliwakataza wageni kufanya aina 15 za biashara, zikiwemo saluni, ufundi wa simu na uwakala wa kutuma fedha, ambazo ndizo hasa biashara ndogo za miji ya mpakani.

Suala la nani ni mgeni ni zito zaidi kusini mwa Kwale kuliko sheria hizo zinavyodhani. Mdigo wa Lunga Lunga na Mdigo wa Mkoa wa Tanga huzikana na kuoana bila kujali ramani. Wamakonde waliokuja kufanya kazi za mashamba waliishi kwa miongo kadhaa bila uraia, hadi mwaka 2016 walipotembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai vitambulisho na kutambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Wapemba, wanaovua Vanga na Shimoni kwa vizazi vingi, walisubiri kutambuliwa hadi 2023.

Barabara mpya ya Dongo Kundu, inayounganisha Miritini na barabara ya Lunga Lunga hapo Kibundani bila kupitia kivuko cha Likoni, imeondoa kituo kingine cha kusubiri kwa malori ya kusini. Vanga nayo, iliyopoteza misafara kwa reli na baadaye ikapoteza abiria kwa lami, imepata bidhaa ambayo forodha haina pa kuigongea mhuri. Tangu 2019, wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu huhifadhi mikoko ambayo babu zao waliikata na kuisafirisha kama boriti, na huuza kiasi cha hewa ya kaboni ambacho miti hiyo hufyonza ikiwa imesimama. Wanunuzi wake wako ng'ambo, na malipo yao hufika Vanga bila kupita Lunga Lunga.