Magnesiamu na sipro zisikutane tumboni

Fungua mkoba wa mfanyabiashara wa mpakani, mara nyingi utakuta humo karatasi mbili za vidonge. Moja ni ya magnesiamu, ile tunayotafuna kiungulia kinapopanda. Nyingine ni ya siprofloksasini, au sipro, aliyoandikiwa kwa homa ya matumbo. Kila moja ni dawa nzuri. Shida huanza zinapomezwa pamoja.

Mimi ni mwalimu. Nilisoma kambini Mtabila, wilayani Kasulu, nikarudi Burundi mwaka 2008. Sisi tuliorudi tumezoea kununua dawa pande zote mbili: leo Manyovu, kesho Mabanda. Muuzaji wa huku hajui ulichouziwa kule, na usipomwambia hawezi kuota.

Dawa nyingi za kutuliza asidi zina magnesiamu, alumini au kalisi. Madini hayo huishika sipro tumboni na kufungamana nayo, kisha sehemu kubwa hutoka na choo bila kuingia katika damu. Umemeza kidonge kizima, lakini mwili umepata kidogo. Homa haishuki, nawe unasema umeuziwa dawa bandia. Wakati huo bakteria waliobaki wanaweza kuwa sugu. Maziwa na vidonge vya madini ya chuma vya kuongeza damu navyo huizuia sipro.

Ndivyo ilivyo pia kwa doksisaiklini, ambayo mtu mzima mwenye kipindupindu huweza kupewa mara moja tu, miligramu 300, pamoja na maji ya chumvi na sukari ya kurudisha nguvu. Dozi hiyo moja ikifungwa tumboni, hakuna ya pili ya kuifidia.

Dawa ni kuzitenganisha. Meza sipro saa mbili kabla ya magnesiamu, au saa sita baada yake. Anayemeza sipro saa moja asubuhi na saa moja jioni, atafune magnesiamu kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana. Na kwa kuwa saa ya Tanzania iko mbele ya ya Burundi kwa saa moja, chagua saa ya upande mmoja uifuate hadi dozi iishe.

Lakini si kila dawa ya tumbo hugombana na antibiotiki. Madaktari wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005, walionyesha kwamba vidonda vingi vya tumbo huletwa na bakteria. Ndiyo maana mgonjwa huweza kuandikiwa omeprazoli pamoja na amoksilini na klarithromaisini, mara nyingi kwa siku 14. Hapo omeprazoli hupunguza asidi ili antibiotiki zifanye kazi vizuri. Usiiache ukidhani zinapingana.

Jambo jingine: jina la dawa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza huweza kutofautiana kwa herufi moja tu mwishoni. Ni dawa ileile. Ukimeza zote mbili umemeza dozi maradufu.

Basi, ndugu msomaji, ukifika duka la dawa, upande wowote wa mpaka, toa mkobani karatasi zote za vidonge uziweke mezani kabla hujataja unachoumwa. Na ukiona choo cheusi kama lami au ukitapika damu, usitafute kidonge. Nenda hospitali siku hiyo hiyo.