Nduthi Ikikuvunja Mguu, Daktari Naye Anakula Mionzi

Wasee wa Shirere wanajua vile nduthi ikiteleza inaweza kukuvunja paja. Ukiingizwa thieta, daktari anapitisha chuma ndani ya mfupa. Haoni ndani, so kuna mashine ya eksirei yenye mkono wa umbo la C. Kila pedali ikikanyagwa, picha inatokea kwa skrini.

Wewe mionzi inakupata siku hiyo tu. Yeye kesho ako hapo tena na mgonjwa mwingine.

Wengi hudhani inamtoka mashine moja kwa moja. Zii. Mingi inayomfikia daktari inadunda kutoka kwa mwili wako, kama mwanga ukigonga ukuta. Inadunda zaidi upande wa balbu, ndiyo maana balbu inafaa kukaa chini ya meza, mbali na macho yake. Akiongeza umbali mara mbili, mionzi inashuka hadi kama robo. Noma ni mikono. Utashikaje mfupa ukiwa mlangoni?

Aproni ya madini ya risasi inafunika kifua, macho yanabaki nje. Mwaka 2011, tume ya kimataifa ya ICRP ilishusha kipimo cha jicho kutoka milisiveti 150 kwa mwaka hadi 20, wastani wa miaka 5, juu mtoto wa jicho huletwa na mionzi kidogo kuliko walivyodhani. Miwani ya risasi ipo, lakini si rahisi mfukoni.

Na ile beji ya kifuani? Haizuii kitu, inahesabu tu. Ukiiacha kwa droo, itahesabu mionzi ya droo.