Sauti Alizozitamani Herbie Nichols

Jazi ninayoinenea hapa si ile dansi ya bendi zetu zilizojinasibisha na jina hilo, mathalani Morogoro Jazz na Tabora Jazz, bali ni muziki asilia wa Wamarekani weusi, ambao miongoni mwa watunzi wake alikuwapo mpiga piano Herbie Nichols, mzaliwa wa New York mwaka 1919, ambaye wazee wake walitoka visiwa vya Karibi.

Tungo zake hazikushabihi za mtu ye yote wa zama zake, ila riziki aliitafuta kwa kupiga nyimbo za wengine katika vilabu ambamo aghalabu hapakuwa na aliyejua kwamba aliyeketi pale ni mtunzi. Mwaka 1955 na 1956 kampuni ya Blue Note ilimrekodi akiwa na mpiga besi na mpiga ngoma tu, na ngoma hizo zilishikwa na mafundi adhimu, Art Blakey na Max Roach. Lakini tarumbeta na saksafoni, ambazo mwenyewe alizitamani, hakujaaliwa kuzitia katika santuri zake. Wimbo wake mmoja ulienea duniani kwa kuwa Billie Holiday aliutilia maneno na kuuita Lady Sings the Blues, na sifa ikamwendea mwimbaji. Mwaka 1963 saratani ya damu ilimwondoa akiwa na umri wa miaka 44, na baada yake karatasi nyingi za tungo zake ziliharibiwa na maji yaliyofurika nyumbani kwa baba yake.

Roswell Rudd, mpiga tromboni aliyejifunza kwake, alizishika tungo hizo kama amana, na katika miaka ya 1990 akazirekodi zile ambazo Nichols hakuwahi kuzirekodi. Katika miaka hiyo hiyo Frank Kimbrough wa piano na Ben Allison wa besi, baada ya kupata katika Maktaba ya Bunge huko Washington nota zilizosajiliwa humo kulinda haki ya mtunzi, waliunda kundi la kuzipiga.

Kazi hiyo ni nzito kuliko idhaniwavyo, kwa maana karatasi ya jazi huonyesha lahani na majina ya sauti za kuifuatia, basi. Haisemi nani aanze, nani anyamaze, wala ngoma imjibu nani, na mambo hayo ndiyo roho ya muziki wa Nichols, aliyeiandikia ngoma nafasi ya kusema. Wapo wanaoona kwamba kumwongezea marehemu ala ni kumkosea heshima. Mimi naona kinyume, kwani Kimbrough na Allison walipozipanga upya tungo zile kwa ajili ya tarumbeta na saksafoni, walimpa alichokitamani akanyimwa, na kati ya 1997 na 2001 zikatoka santuri tatu ambamo tungo zilizolala kabatini kwa miongo zilipulizwa kwa pumzi ya watu.