Kinu Kilichozimwa Kisipoe: Tetemeko, Tsunami na Mtambo wa Fukushima

Siku ya Ijumaa, tarehe 11 Machi 2011, saa nane na dakika arobaini na sita mchana kwa saa za Japani, sakafu ya Bahari ya Pasifiki mashariki mwa kisiwa cha Honshu iliachia ghafla. Mabamba mawili ya gamba la dunia, ambayo yalikuwa yamekwamana kwa karne nyingi huku moja likijisukuma chini ya jingine, yalichomokana. Tetemeko lililotokea lilikuwa la ukubwa wa 9.0, na sakafu ya bahari ilipoinuka iliyasukuma maji yaliyokuwa juu yake kuelekea nchi kavu. Wajapani huyaita mawimbi ya aina hii tsunami, yaani wimbi la bandarini, na lugha nyingi za dunia, Kiswahili kikiwamo, zimelikopa neno hilo. Watu zaidi ya 18,000 walifariki au kutoweka, wengi wao kwa kuzama. Idadi hii yafaa kukumbukwa mapema, kwani gumzo kuhusu nyuklia aghalabu huifunika.

Katika ufuo huo ulisimama mtambo wa umeme wa Fukushima Daiichi, wenye vinu sita vya nyuklia. Vitatu vilikuwa vikifanya kazi siku hiyo, na vingine vitatu vilikuwa vimesimamishwa kwa ukaguzi na matengenezo. Ifahamike kwamba ardhi ilipotikisika, vinu hivyo vitatu vilifanya kile hasa vilichoundwa kufanya. Vyuma vya kudhibiti vilijipenyeza kati ya fimbo za urani na mpasuko wa atomi ukakoma katika muda wa sekunde chache. Yamkini msomaji atauliza: ikiwa vinu vilizimika, hatari ilitoka wapi?

Jibu limo katika tofauti baina ya kinu hiki na kile cha jikoni ambacho kimekiazima jina. Mtwangaji akiuinua mchi, kinu cha nafaka hutulia papo hapo. Kinu cha nyuklia hakitulii. Mabaki ya atomi zilizokwisha kupasuka huendelea kuoza na kutoa joto, wala hakuna swichi ya kulizima joto hilo. Mara tu baada ya kuzimwa, kinu hutoa takriban asilimia 6 au 7 ya joto lake la kawaida. Saa chache baadaye, kiasi cha asilimia 1. Asilimia moja yaweza kuonekana ndogo, lakini katika kinu kikubwa ni joto la kuchemsha na kukausha maji kwa tani nyingi kila saa. Kwa hivyo ni lazima maji yazungushwe kwa pampu usiku na mchana, kwa siku na miezi. Pampu nazo huhitaji umeme.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Tetemeko lilikuwa limekata nyaya zilizoleta umeme kutoka nje, na jenereta za dizeli zikaanza kuunguruma kama ilivyokusudiwa. Kiasi cha dakika hamsini baadaye maji yalifika. Mtambo ulikuwa umeandaliwa kwa wimbi la mita 5.7, lililokuja lilifikia mita 14 hivi. Ardhi ya vinu vinne vya kwanza ilikuwa mita 10 tu juu ya bahari, na jenereta nyingi zilikuwa katika ghorofa za chini ya ardhi. Zilizama. Hata zile chache ambazo maji hayakuzifikia hazikuweza kuvisaidia vinu hivyo vinne, maana vibao vya swichi vya kusambazia umeme vilikuwa vimelowa.

Giza likaingia katika vyumba vya kuendeshea vinu. Wafanyakazi walichomoa betri za magari yaliyoegeshwa nje na kuziunganisha ili wapate angalau kusoma mita za shinikizo na kimo cha maji. Fimbo za fueli, ambazo huvikwa madini ya zirkoni, zilibaki bila maji. Zirkoni ikipata moto mkali huunyang'anya mvuke oksijeni yake na kuacha haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche ndogo. Jengo la kinu cha kwanza lililipuka tarehe 12 Machi, la tatu tarehe 14, na la nne tarehe 15 kwa gesi iliyopenya kutoka kwa jirani yake. Fueli ya vinu vitatu iliyeyuka. Msimamizi wa mtambo, Masao Yoshida, alipoagizwa na wakuu wake aache kumimina maji ya bahari ndani ya kinu cha kwanza, alijifanya kutii huku maji yakiendelea kumiminwa.

Waswahili husema ajali haina kinga. Tume huru iliyoundwa na bunge la Japani haikukubaliana na kauli kama hiyo. Mwaka wa 2012 iliamua kwamba janga hilo lilisababishwa na binadamu. Ushahidi haukuwa haba. Mahali palipojengwa mtambo palikuwa na mwinuko wa zaidi ya mita 30, nao ulichongwa katika miaka ya 1960 ili majengo yakalie mwamba imara na maji ya bahari yavutwe kwa gharama ndogo. Mwaka wa 2008 hesabu za kampuni ya TEPCO yenyewe zilionyesha kuwa wimbi lingeweza kufikia mita 15.7 mahali hapo. Ukuta haukuongezwa, wala jenereta hazikuhamishwa.

Mtambo wa Onagawa ulikuwa karibu zaidi na kitovu cha tetemeko, na wimbi lililoufikia lilikuwa la mita 13 hivi. Hata hivyo, vinu vyake vitatu vilizimwa na kupozwa salama. Yanosuke Hirai, mhandisi na kiongozi katika kampuni iliyoujenga, alikuwa ameshikilia kwamba ujengwe kwenye kimo cha mita 14.8, akizingatia kumbukumbu za tsunami ya mwaka wa 869. Wanakijiji ambao nyumba zao zilisombwa walipata hifadhi ndani ya ukumbi wa michezo wa mtambo huo. Fukushima kwenyewe, jenereta moja ya kinu cha sita, inayopozwa kwa hewa na kuwekwa mahali pa juu zaidi, iliendelea kufanya kazi na kuviokoa vinu vya tano na sita.

Bahari Hindi nayo ina historia yake. Tarehe 26 Disemba 2004, tsunami iliyoanzia Sumatra iliifurika nyumba ya pampu katika mtambo wa Kalpakkam nchini India, na kinu kikazimwa bila madhara. Mawimbi hayo hayo yalifika pwani ya Kenya siku hiyo, ingawa kwa nguvu iliyopungua mno. Kijiji cha Uyombo huko Kilifi kilipotajwa kuwa mahali panapoweza kujengwa mtambo wa nyuklia, wakazi waliandamana mwaka wa 2024 kupinga. Popote patakapochaguliwa, kimo cha ardhi na mahali pa jenereta ni maswali ambayo hata asiye mhandisi ana haki ya kuyauliza.

Huko Fukushima, zaidi ya watu 150,000 walihama makwao, na baadhi ya wagonjwa na wazee walifariki katika harakati za kuhamishwa. Fueli iliyoyeyuka, pamoja na vyuma na saruji iliyochanganyika navyo, inakadiriwa kuwa tani 880. Mnamo Novemba 2024, baada ya miaka kumi na mitatu, roboti ilifaulu kutoa kipande cha kwanza. Kilikuwa na uzito wa gramu 0.7 hivi.