Leza: kipimajoto kilichomaliza ubishi wa Moscow

Chovya kipimajoto cha kawaida kwenye maji ya uvuguvugu, utapata jibu. Kiingize kwenye moto wa mhunzi, kitapasuka kabla hujasoma kitu. Sasa fikiria gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi. Hiyo utaipimaje? Swali hili liliwahi kuwagawa wanasayansi wakubwa wa dunia, na jibu likapatikana kwa mwanga tu.

Plazima ni nini?

Ukipasha barafu unapata maji, ukipasha maji unapata mvuke. Ukizidi kupasha gesi mpaka elektroni zikabanduka kutoka kwenye atomi zake, unapata plazima. Msikilizaji wetu, wewe umeshaiona. Radi inapopiga, ule mstari unaong'aa angani ni plazima. Jua nalo ni plazima tupu.

Katikati ya Jua joto hufika nyuzi milioni 15 hivi. Humo viini vya haidrojeni huungana na kutoa nishati inayotuangazia. Wanasayansi wanatafuta njia ya kufanya hivyo hapa duniani, ili siku moja tupate umeme.

Ubishi wenyewe

Mwaka 1968, kwenye mkutano wa kimataifa huko Novosibirsk, wanasayansi wa Umoja wa Kisovieti wakiongozwa na Lev Artsimovich walisema mtambo wao wa Moscow, tokamaki T-3, umefikisha plazima kwenye joto la mamilioni ya nyuzi. Wenzao wengi wa Magharibi walitilia shaka. Kipimo kilichotumika hakikugusa joto moja kwa moja. Elektroni chache zenye mbio kupita kiasi zingeweza kukidanganya.

Artsimovich hakukasirika. Aliwaambia Waingereza: njooni mpime wenyewe. Huo ulikuwa wakati wa Vita Baridi, lakini timu kutoka maabara ya Culham, wakiwemo Nicol Peacock na Derek Robinson, ilifunga mizigo pamoja na leza yake na kwenda Moscow.

Leza inapimaje joto?

Simama kando ya barabara, pikipiki ije mbio huku ikipiga honi. Inapokukaribia sauti huwa kali, ikishakupita inakuwa nzito. Honi ni ile ile. Mwendo ndio uliobadilisha sauti unayoisikia.

Mwanga nao uko hivyo. Leza hutoa mwanga wa rangi moja tu. Ukiupiga kwenye plazima, elektroni huutawanya. Elektroni inayokuja upande wako huisogeza rangi kidogo kuelekea buluu, inayokwenda mbali nawe huisogeza kuelekea nyekundu. Plazima ikiwa na joto kali, elektroni zinakimbia zaidi, na rangi inatawanyika zaidi. Ukipima mtawanyiko huo, umepata joto bila kugusa kitu. Kazi ngumu ni kuukamata mwanga huo, kwa sababu unaorudi ni hafifu mno.

Mwaka 1969 majibu yalichapishwa katika jarida la Nature. Joto lilifika karibu nyuzi milioni 10. Wasovieti walikuwa wamesema kweli. Muda si mrefu, maabara ya Princeton nchini Marekani iligeuza mtambo wake mkubwa kuwa tokamaki. Hata ITER, mtambo wa mataifa mengi unaojengwa kusini mwa Ufaransa, ni tokamaki.

Na leo?

Leza haipimi tu, inapasha pia. Tarehe 5 Desemba 2022, huko Livermore, California, miali 192 ya leza ilielekezwa kwenye kidonge kidogo cha haidrojeni nzito. Nishati iliyoingia ilikuwa megajuli 2.05, iliyotoka ikawa 3.15. Ilikuwa mara ya kwanza katika maabara kwa muungano wa viini kutoa nishati kuliko ile iliyoletwa na leza.

Lakini angalia mahali mizani ilipowekwa. Ili kuwasha leza hizo, mtambo ulivuta umeme wa megajuli 300 hivi. Kwa hiyo umeme wa namna hii bado haujafika kwenye nyaya za mtu yeyote.

Basi ukisikia habari ya ugunduzi mkubwa, hata hapa kwetu redioni, uliza maswali mawili: wamepima nini, na je, mwingine amekuja na kipimo chake akapata jibu hilo hilo? Artsimovich alifungua mlango apimwe, na ndiyo maana dunia ilimwamini.